Mbaraka Mwinshehe, Gitaa Lililofika Hadi Kharumwa

Ukimtaja Mbaraka Mwinshehe hapa chuoni, wengi wanamwona mzee. Wanamwona babu mwenye kofia na bakora, mtu wa enzi za redio kubwa ya mezani, ambaye nyimbo zake hupigwa Jumapili mchana wakati watu wanafua nguo. Nimelisikia hilo hosteli, nimelisikia kafeteria, na hata darasani limepita. Sasa wanachuo wenzangu, tuanze na hesabu. Mbaraka alizaliwa Juni 27, 1944. Alifariki Januari 12, 1979. Toa mwenyewe. Ni miaka thelathini na minne na ushee, yaani umri wa wahadhiri wasaidizi wetu, wale tunaowaita kaka tukikutana nao nje ya darasa. Mbaraka hakuwahi kuwa mzee hata siku moja. Yote tunayomkumbuka nayo aliyafanya katika miaka isiyofika kumi na mitano.

Mimi nyumbani ni Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, mkoani Geita. Asiyepajua asijisikie vibaya, maana hata wakata tiketi pale Msamvu huwa wananiuliza kama ni mtaa wa Kahama. Ni mji wa pamba, mpunga na ng'ombe, ambao dhahabu imeuongezea pikipiki na kelele. Baba yangu mdogo ana karasha nje kidogo ya mji, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Karasha likianza kazi huwezi kusikilizana na mtu aliye hatua mbili kutoka ulipo. Lakini kwenye kibanda anachoandikia mifuko ya wateja kuna spika ndogo, na ndani ya spika kuna memori kadi ambayo haijabadilishwa tangu nikiwa sekondari. Karibu yote ni Mbaraka. Likizo iliyopita nilimuuliza kwa nini asiweke na wanamuziki wa kwetu kidogo. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. Kwake yeye, Mbaraka ni wa kwetu.

Jibu hilo lilinisumbua. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alikuwa mtu wa Morogoro. Kutoka Uluguru hadi Usukumani ni safari ya siku nzima kwa basi la sasa, kwenye lami. Katika miaka ya 1960 ilikuwa ni treni, vumbi na subira. Ilikuwaje mtu wa kule akawa wa kwetu?

Morogoro ya baada ya uhuru ilikuwa na bahati ya mahali. Reli ya kati inapita hapo, barabara ya kutoka Dar es Salaam inagawanyika hapo, na mashamba ya mkonge yalikuwa yamejaa watu wa kila kabila wanaolipwa mshahara mwisho wa mwezi. Palipo na mshahara wa mwisho wa mwezi pana dansi. Mji ukawa na bendi mbili kubwa, na wapenzi wake waligawanyika kama Simba na Yanga. Upande mmoja Cuban Marimba ya Salum Abdallah, mtu aliyeichukua rumba ya Kuba na kuivika Kiswahili. Upande wa pili Morogoro Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1944, mwaka uleule aliozaliwa Mbaraka. Salum Abdallah alikufa kwa ajali ya gari Novemba 1965, na Juma Kilaza akaichukua Cuban Marimba na kuiendeleza. Ni katika kipindi hicho hicho, katikati ya miaka ya 1960, kijana Mbaraka aliingia Morogoro Jazz. Alikuwa na miaka ishirini na kidogo tu.

Wakati ule bendi bila mtindo haikuwa bendi. NUTA Jazz walikuwa na Msondo, Western Jazz wakawa na Saboso, Tabora Jazz wakawa na Segere Matata. Morogoro Jazz walijulikana kwa Likembe. Mtindo ulikuwa ni mdundo, ni namna ya kucheza, na pia ni bendera, kwa sababu ukitaja mtindo umeshataja upande wako. Ndani ya bendi kila gitaa lilikuwa na kazi yake. Lipo la besi, lipo la ridhimu linaloshika mwendo, halafu lipo la solo, lile linalopanda juu na kuzungumza. Mbaraka alitunga, akaimba, na akalipiga hilo la solo yeye mwenyewe. Watu wakampa jina la Soloist National, na Kiingereza chake kikae hivyohivyo kilivyo, maana ndivyo kilivyotamkwa hadi vijijini. Ukimsikiliza kwa makini utagundua kwamba gitaa lake halijazi nafasi kati ya beti. Linajibu kile alichokiimba, na mara nyingine linakataa.

Kilichomfikisha Kharumwa ni redio. Televisheni Tanzania Bara imeanza mwaka 1994, kwa hiyo watu wa umri wa baba mdogo walimjua Mbaraka kwa sauti kabla hawajaiona picha yake, na wengine hawakuiona kabisa. Bendi zilikwenda Dar es Salaam kurekodi Radio Tanzania, RTD, na kanda ikishapigwa hewani jioni moja imesikika nchi nzima kwa wakati mmoja. Usukumani wakati huo pamba ilikuwa inalipa. Mkulima akishauza msimu alinunua baiskeli, mabati na redio. Redio nyingi zilikuwa za National. Kampuni ya Matsushita ya Japani ilikuwa na kiwanda Dar es Salaam tangu miaka ya 1960, kikitoa redio na betri zake. Nimeambiwa nyumbani kwamba betri zikichoka zilianikwa juani juu ya bati ili zipate nguvu ya salamu za jioni na wimbo mmoja au miwili. Sina hakika kama fizikia ya jambo hilo imekaa sawa, wenzetu wa uhandisi watatuambia, ila Mbaraka alisikilizwa hivyo.

Hao Matsushita makao yao ni Osaka. Mwaka 1970 Mbaraka mwenyewe akaenda Osaka.

Yalikuwa Maonesho ya Dunia, Expo 70, kuanzia Machi 15 hadi Septemba 13. Nchi sabini na saba zilishiriki, Tanzania ikiwemo na banda lake. Watu waliofika walizidi milioni 64. Kumbuka sensa ya mwaka 1967 ilitukuta Watanzania milioni 12 na kidogo, kwa hiyo walipita pale watu mara tano ya nchi yetu nzima. Katikati ya uwanja ulisimama Mnara wa Jua wa Taro Okamoto, wenye nyuso kama zinamkodolea mtu macho, na kwenye banda la Marekani watu walipanga foleni ndefu kuona jiwe lililoletwa kutoka mwezini. Maonesho yalikuwa na wimbo wake, ulioimbwa na waimbaji kadhaa wa Japani, na wa Haruo Minami ndio uliouzwa zaidi. Kuiwakilisha Tanzania kwa muziki walitumwa Morogoro Jazz. Fikiria kijana wa miaka ishirini na sita, ametoka kupiga dansi la mwisho wa mwezi chini ya Milima ya Uluguru, anafungua sanduku la gitaa mahali kama hapo.

Aliporudi alitunga wimbo na kuuita Expo 70. Ninachoupendea ni kwamba ni wimbo wa mtu anayewasimulia waliobaki nyumbani. Wasafiri wengi wa siku zetu wanarudi na picha za kuturingishia. Yeye alirudi na simulizi ya pamoja, kana kwamba tulikwenda wote. Baba mdogo hajawahi kupanda ndege, lakini ukimtajia Japani anatikisa kichwa kama mtu aliyewahi kupita.

Na hapa nitoke nje kidogo. Japani ya miaka ile ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kutengeneza nyota wake vijana kwa televisheni, wale wanaowaita aidoru. Momoe Yamaguchi alianza mwaka 1973 akiwa na miaka kumi na minne. Nyuma yake kulikuwa na kampuni, vipindi vya televisheni, watunzi wa kulipwa na filamu. Mwaka 1980, akiwa na miaka ishirini na moja, aliimba mara ya mwisho, akakiweka kipaza sauti jukwaani, akaondoka kwenda kuolewa. Hakurudi tena, na Wajapani bado wanampenda. Nawaza sana juu ya kile kipaza sauti. Msanii kuchagua siku yake ya kumaliza ni utajiri ambao wa kwetu wachache wameupata.

Turudi Morogoro. Siku ya Krismasi mwaka 1971, Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliuawa kwa risasi Isimani na mkulima mkubwa wa mahindi, Said Mwamwindi. Ulikuwa wakati wa kusukuma vijiji vya ujamaa, na shamba lilikuwa ndilo kiini cha ugomvi. Mwamwindi aliubeba mwili kwenye gari hadi polisi Iringa, akajisalimisha. Alihukumiwa, akanyongwa. Mbaraka alitunga wimbo wa maombolezo ya Dk. Kleruu, na ulipigwa redioni ukatoa watu machozi. Ni wimbo mzuri. Gitaa linalia kweli ndani yake.

Lakini sisi ni wanachuo, tusiishie kulia. Wimbo ule unamwomboleza mmoja, na haukupaswa kufanya vinginevyo, mtu ameuawa. Hata hivyo Isimani kulikuwa na swali ambalo halikuimbwa redioni, nalo ni nani anaamua juu ya ardhi ambayo mtu ameilima kwa miaka. Kwetu Usukumani swali hilo lilifika miaka ya 1974 na 1975, watu walipohamishiwa vijijini, na wazee bado wanaonyesha kwa kidole miembe iliyoachwa kwenye maboma ya zamani. Dhahabu imelileta tena kwa sura nyingine. Mwenye jembe, mwenye sururu na mwenye leseni hawaioni ardhi moja kwa jicho moja. Kwa hiyo ninapousikia wimbo wa Dk. Kleruu pale kibandani kwa baba mdogo, katikati ya watu waliochimba mahali pasipo pao kwa karatasi, nasikia kilichomo na kisichokuwemo. Mbaraka alikuwa mtoto wa zama zake. Redio ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya serikali. Kumlaumu kwa kuimba upande wa taifa ni rahisi kwa mtu mwenye simu mkononi. Mimi naona ni bora tuuweke wimbo huo karibu na zile nyingine, ambazo hakuna kiongozi aliyemwomba aziimbe.

Hizo nyingine ndizo zimeishi. Mwaka 1973 aliondoka Morogoro Jazz, bendi iliyompeleka Japani, akaunda ya kwake, Super Volcano. Wengi walimwona ana wazimu. Kuacha jina kubwa ukiwa juu, ukaanze kutafuta vyombo na wapigaji upya, si jambo dogo. Ila elewa hali ilivyokuwa. Katika bendi nyingi za wakati ule vyombo vilikuwa vya klabu, vya chama au vya tajiri. Mwanamuziki alimiliki koo na vidole. Nilipomweleza baba mdogo jambo hili hakuhitaji maelezo mengi. Kwenye duara, mwenye eneo anachukua mgao wake, mwenye mashine anachukua, mwenye karasha (yeye mwenyewe, hakuona haya kujitaja) anachukua, halafu kinachobaki ndicho cha aliyeingia chini. Aliyeingia chini akiota, huota siku atakapokuwa na duara lake. Super Volcano lilikuwa duara la Mbaraka.

Akaja na mtindo mpya, Masika, na maneno ya zole zole yakaingia midomoni mwa watu. Nyimbo zikamwagika. Pesa Namba Moja, ambao ukiupiga hosteli wiki moja kabla ya bumu kuingia hakuna atakayekuambia ni wimbo wa kizamani. Mashemeji Wangapi, ambao jina lake tu linatosha kumfanya mtu aangalie simu ya mpenzi wake. Na juu ya yote, Shida. Sitaki kuusimulia neno kwa neno, nendeni mkausikilize. Ni mtu aliyelemewa anaizungumzia taabu yake bila kumtafuta mchawi na bila kumwomba mtu amhurumie. Hakuna ujamaa ndani yake, hakuna ubepari, hakuna mkuu wa mkoa. Kuna binadamu na siku iliyomwendea vibaya. Uliuzwa na kuuzwa, Tanzania na Kenya, na ndio wimbo ambao hata mtu asiyemjua Mbaraka huwa ameshausikia mahali.

Nimeandika uliuzwa, na hapo ndipo penye utamu na uchungu. RTD ilikutangaza, lakini haikukutolea santuri. Kwetu hakukuwa na kiwanda cha kuzichapa. Santuri zilitoka Nairobi, ambako Polygram na kampuni nyingine zilikuwa na studio, mashine na maduka. Hivyo bendi ya Morogoro ilisafiri kwenda Kenya kurekodi, santuri ikachapwa huko, ikauzwa huko, na nyingine ikarudi kuuzwa kwetu. Sahani ndogo haikuweza kubeba wimbo mrefu, kwa hiyo wimbo ulikatwa vipande viwili. Mara nyingi upande wa kwanza ndio wenye maneno mengi, na upande wa pili gitaa linaachiwa likimbie. Msomaji wa uchumi atakuwa ameshaona mchoro wake: mali ghafi inatoka huku, inasindikwa kule. Pamba ya Kharumwa inaujua mchoro huo. Dhahabu ndiyo usiseme.

Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa mwenye duka ilikuwa hasara. Kwa mwanamuziki ambaye studio yake, kampuni yake na nusu ya wapenzi wake wako upande wa pili, ilikuwa kama mtu kukatiwa mkono mmoja. Hata hivyo kazi yake kule haikufa, na jina lake Kenya lilibaki kubwa kama lilivyokuwa nyumbani. Ndiyo maana kifo chake kilimkuta Mombasa. Ilikuwa ajali ya gari, Januari 12, 1979. Kama Salum Abdallah kabla yake, mtu wa Morogoro, mtu wa gitaa, barabarani.

Tarehe hiyo iweke mahali pake. Tanzania ilikuwa vitani na Idi Amin. Kanda ya Ziwa yote masikio yalikuwa redioni kwa habari za Kagera, kwa sababu vijana wa kwetu walikuwa huko na magari ya jeshi yalikuwa yakipita. Baba mdogo alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Anasema wakubwa walikuwa wamekusanyika kusikiliza habari za vita, ndipo wakapata na hiyo. Anakumbuka kwamba mtu mmoja mzima alitoka nje akaenda kusimama peke yake zizini. Hakuna aliyeuliza. Kijiji ambacho kilikuwa kimejiandaa kupokea vifo vya askari kilijikuta kinamlilia mpiga gitaa ambaye hakikuwahi kumwona.

Nadhani hapo ndipo nilipoelewa jibu la pale kibandani. Mbaraka hakufanywa wa kwetu na asili yake. Aliimba Kiswahili ambacho bibi asiyesoma alikielewa, juu ya pesa, mapenzi, safari na taabu, na aliingia kila nyumba yenye betri mbili nzima. Jina la wimbo mwingine wake, Jogoo la Shamba, amelichota kwenye ile methali ya jogoo asiyewika mjini. Yeye alitoka Morogoro akawika Osaka, Nairobi na Mombasa, na kwa njia ya redio akawika hata kwetu, ambako ni shamba hasa.

Super Volcano bila yeye haikuwa ile tena. Huko Kenya kampuni ilikusanya nyimbo zake na kuzitoa kwenye mfululizo wa santuri ulioitwa Ukumbusho, juzuu baada ya juzuu, na hizo ndizo zilizokuja kuwa kaseti, kaseti zikawa sidii, na sidii zikawa zile faili zenye majina yaliyokosewa herufi kwenye simu zetu. Siku ya mnada Kharumwa kuna kijana mwenye kompyuta mpakato na mwavuli, anajaza nyimbo kwenye memori kadi kwa malipo kidogo. Nilimkuta ana folda ya Mbaraka, na ndani yake nusu ya nyimbo zimeishia katikati. Niligundua sababu baada ya kusikiliza tatu: zimechukuliwa kutoka upande wa kwanza wa santuri peke yake. Maneno yapo, gitaa limebaki kwingine.

Kwa hiyo ukiamua kumsikiliza wiki hii, na naomba uamue, usikubali wimbo wa dakika tatu. Tafuta mzima. Vaa hedifoni, acha maneno yapite, subiri pale sauti inaponyamaza na gitaa la solo linapopanda. Wa chumba chako akikuuliza unasikiliza nini, mpe upande mmoja.